Baba alipokuwa Tunduma na baba alipokuwa nyumbani

Nimezaa watoto wawili hapa Tanga. Mwili ni uleule, nyumba ni ileile ya Makorora, mama mkwe ni yuleyule. Wa kwanza alionja maji kabla hajamaliza wiki, na alipofika mwezi wa tatu alikuwa mtoto wa maziwa ya kopo. Wa pili alinyonya miezi sita bila kutiwa kitu kingine mdomoni, akaendelea na ziwa mpaka akawa analiomba kwa maneno yake mwenyewe. Walimu wenzangu shuleni huniuliza safari ya pili nilikuwa nakula nini. Nilikula yaleyale. Tofauti ni kwamba safari ya kwanza mume wangu alikuwa dereva wa lori la Kongo, na safari ya pili alikuwa ameshaiacha njia ile, anapeleka saruji Moshi na Arusha na kurudi kulala nyumbani.

Nalieleza hili kwa sababu kila mwaka wiki ya kwanza ya Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, tunasikia redioni kwamba baba naye ashiriki. Ashiriki vipi? Hana ziwa. Anayesikiliza anabaki na neno zuri asilojua alitendeje. Mimi nimeona mambo yote mawili, baba asiyekuwepo na baba aliyekuwepo, na kwa niliyoyaona, kazi yake kubwa haikuwa kumlisha mtoto. Ilikuwa kusimama kati yangu na watu.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa baba yake akiwa kwenye foleni ya Tunduma. Anayeijua njia ile anajua kwamba dereva haulizwi atarudi lini. Akivuka mpaka kuna Zambia nzima mbele yake, halafu Kasumbalesa, mpaka wa kuingilia Kongo, halafu kushusha mzigo Lubumbashi, halafu kusubiri mzigo wa kurudi nao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku zisizopungua 3 za likizo ya uzazi yenye malipo, ila azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku hizo zilimpita akiwa upande wa pili wa mpaka, anasikia sauti ya mwanawe kwenye simu.

Mama mkwe alinipokea vizuri, na nataka hilo lieleweke kabla sijasema jingine. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Alinipikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa samaki, na hakuniacha nishike ndoo. Mwanamke yeyote aliyezaa anajua maana ya kupata mtu wa namna hiyo. Lakini kwake yeye mtoto mchanga ni kiumbe mwenye kiu, na ule ulikuwa mwezi wa Februari, joto la Tanga usiku na mchana. Siku ya tatu jioni mtoto alilia sana.

"Huyu kiu inamsumbua, mwanangu," aliniambia. "Na ziwa lenyewe bado halijashuka."

Nilikuwa najua kwamba maziwa mengi huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne, na kwamba kabla ya hapo mtoto anatoshwa na yale machache mazito ya njano. Niliyasikia kliniki, na mimi ni mwalimu, ningeweza hata kuyaandika ubaoni. Lakini umekaa kitandani, unakandwa kwa mkono wa mama wa mume wako, unakula alichokupikia, utamwambiaje asimpe mjukuu wake maji? Nilisema mara moja, kwa adabu. Akanijibu kwamba baba yake mtoto naye alikunywa maji tangu siku ya kwanza na leo anaendesha lori mpaka Kongo. Kijiko kikaenda mdomoni.

Hayo si ya nyumba yetu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba Tanzania bara na visiwani, katika watoto walio chini ya miezi sita, asilimia 64 walikuwa wananyonya maziwa ya mama tu. Ule wa 2015-16 ulikuwa asilimia 59. Tumesogea, lakini zaidi ya theluthi moja bado wanapewa kitu kingine, na sidhani kama mama zao wote hawajasikia somo. Wengi wamelisikia vizuri kama nilivyolisikia mimi.

Baada ya maji ikafuata simu. Mume wangu alipopiga, mama yake alimwambia maziwa ya mkewe hayatoshi. Mtu aliye Zambia, mtoto wake analia Tanga, atafanya nini? Alituma pesa ya kopo, na alituma kwa moyo mweupe. Basi ikawa hivyo: mtoto akishiba chupa halivuti ziwa, ziwa lisipovutwa halitengenezi, mwezi ukiisha kweli halitoshi. Ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa. Kila chupa iliyoingia ulikuwa mlo mmoja ambao mwili wangu haukuombwa. Aliharisha mara kwa mara mpaka alipotimiza mwaka. Namshukuru Mungu yuko mzima, anasoma.

Mimba ya pili, mume wangu alikuja kliniki. Kliniki nyingi huku kwetu mama akija na mwenzake huhudumiwa mapema, na kipimo cha VVU mnapimwa pamoja, kwa hiyo haikuwa ajabu yeye kuwepo. Kilichokuwa kigeni ni muuguzi aliyetupokea, mama mtu mzima, ambaye somo zima la kunyonyesha alilielekeza kwa mume wangu, mimi akaniacha kando. "Huyu anajua," alisema. "Wewe ndiye utakayeulizwa nyumbani."

Alichukua mdoli wa kitambaa akamwonyesha mtoto anavyolishika ziwa. Mdomo uwe wazi sana, kama anapiga mwayo. Mdomo wa chini uwe umefunuka kwa nje. Kidevu kiguse ziwa. Ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Na mtoto akishika vibaya usimvute, utamchubua mama. Pitisha kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake aachie mwenyewe, kisha muanze upya. Mume wangu akaambiwa arudie yote kwa mdoli, akarudia.

Sikujua somo lile lingekuwa na kazi kubwa kiasi gani. Mama anayenyonyesha haoni vizuri anachokifanya mtoto, hasa siku za mwanzo. Unamwangalia kutoka juu, unaona pua na paji la uso. Upande wa chini, ambao ndio wenye kosa, huuoni. Usiku wa nne chuchu zilikuwa zimechubuka, maziwa yamejaa, ziwa limekuwa gumu kama jiwe, kila akishika natokwa na machozi. Mume wangu aliwasha tochi ya simu, akapiga magoti sakafuni, akachungulia kutoka chini.

"Ameshika chuchu tu," alisema. "Mdomo wa chini ameukunja kwa ndani. Mtoe."

Tulimtoa kwa kidole kidogo. Akaniletea kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikakamua kidogo mpaka ule weusi ukalainika, tukamrudisha. Akachungulia tena. "Bado. Mlete karibu zaidi, tumbo lake ligusane na lako." Safari ya tatu maumivu yakashuka, nikaanza kusikia mtoto anameza. Nimewahi kupokea zawadi nyingi kwa mume wangu, kanga na pete, lakini nikiulizwa lini nilijua nimeolewa, nitasema ni usiku ule.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu jaribio lililofanywa Naples, Italia, na kuchapishwa 2005, nikaona ni kama wametuandika sisi. Walikuwa akina mama 280, wote wakapewa ushauri wa kunyonyesha. Tofauti ilikuwa kwa waume: nusu walifundishwa jinsi ya kuzuia na kutatua matatizo ya kawaida ya kunyonyesha, nusu hawakufundishwa hilo. Kufikia miezi sita, asilimia 25 ya wale ambao waume zao walifundishwa walikuwa bado wananyonyesha kikamilifu, wengine asilimia 15. Kwa akina mama waliopata matatizo, ambao ndio hasa nilikuwa mimi, ilikuwa asilimia 24 dhidi ya chini ya 5. Mama wote walijua. Kilichoongezeka ni mwanaume anayejua.

Tukaja kwenye maji. Mama mkwe alikuja tena, na kwa mapenzi yaleyale. Jioni moja mtoto akalia, mama akainuka kwenda jikoni kuchukua kijiko. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni anavua viatu.

"Mama," alisema, "huyu hapewi maji. Maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, akinyonya amekunywa. Miezi sita. Nimekataza mimi, si mke wangu wala si daktari."

Sauti hakuipandisha. Mama mkwe alisimama kidogo, akasema, "Haya, mtoto ni wako," akarudi kuketi. Siku ya akika ustadhi akasoma ile aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, akaieleza kwa Kiswahili: kwamba mama anyonyeshe miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na kwamba chakula na mavazi ya huyo mama ni juu ya baba, kwa wema. Mama mkwe hakuwahi kuniambia amekubali habari ya maji, na mpaka leo nadhani hajakubali. Lakini kijiko hakikutoka tena jikoni, na nguvu zake zote akazielekeza kwangu: uji, mchuzi, kukandwa. Hapo ndipo alikuwa bingwa tangu mwanzo.

Kuna jambo linanichoma katika hili, nalisema wazi. Maneno niliyoyasema safari ya kwanza na aliyoyasema mume wangu safari ya pili ni yaleyale. Yangu yaliondoka na upepo, yake yakasimamisha kijiko. Natamani nyumba ambayo neno la mama mzazi linatosha. Lakini mtoto hazaliwi kwenye nyumba ninayoitamani, anazaliwa kwenye hii iliyopo, na katika hii mkwe hawezi kumkatalia mama mkwe bila kuonekana mkaidi, wakati mwana anaweza kumkatalia mama yake na bado akabaki mwana. Wahudumu wa afya wanaomfundisha mama peke yake wanampa silaha ambayo hana ruhusa ya kuitumia.

Usiku alikuwa na kazi nyingine. Homoni ya prolaktini, ile inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, kwa hiyo mlo wa usiku si wa kuukwepa. Baba anayemwambia mkewe lala, mimi nitampa chupa, ana huruma ya kweli, lakini anaondoa mlo ambao ziwa linauhitaji zaidi. Wangu alifanya vingine. Mtoto akilia yeye ndiye aliyeamka, akambadilisha nepi, akanipa kitandani nikiwa nimelala ubavu. Nikimaliza akamchukua, akamweka begani mpaka acheue. Mimi nilikuwa sigusi sakafu. Tena hakuleta ugomvi wa pesa usiku. Lile nalihesabu, kwa sababu maumivu, hofu na fadhaa huzuia maziwa kushuka hata kama ziwa limejaa. Nimeshakaa na mtoto kifuani baada ya maneno makali, mwaka ule wa kwanza, kwenye simu, nikaona kabisa mtoto anavuta na hakuna kinachokuja.

Sasa niseme lile ambalo huku pwani linawaweka baba wengi mbali na halizungumzwi kliniki: mtoto kubemendwa. Inaaminika kwamba baba akitoka nje ya ndoa, au mume na mke wakikutana wakati mama ananyonyesha, mtoto atadhoofika, miguu italegea, hatatembea. Kwa dereva ni mzigo zaidi, maana kila mtu ana maneno yake kuhusu madereva. Jirani yangu mmoja alirudishwa kwao na mtoto mchanga mpaka mtoto asimame, ili mume asije akamharibu. Miezi ileile ambayo mume anahitajika usiku na tochi, yuko mji mwingine. Na mtoto akikonda, badala ya kuangalia mchoro wa uzito kwenye kadi yake, kuuliza anakula nini, ana malaria au hana, watu wanamchunguza baba alilala wapi.

Muuguzi wetu hakulicheka jambo hili. Alituambia mume na mke kukutana hakuingii kwenye maziwa, na kwamba hata mama akishika mimba, kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha huku akifuatiliwa. Akatueleza kwamba kunyonyesha kwenyewe kunachelewesha mimba endapo mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi; likikosekana moja, kuna njia za uzazi wa mpango zisizoharibu maziwa. Halafu akamgeukia mume wangu akamwambia kwamba kwenye kutoka nje, wazee hawakuwa wanapiga hewa. Mama akiambukizwa VVU katika kipindi cha kunyonyesha, virusi kwenye damu huwa vingi sana mwanzoni, na hatari ya kumpata mtoto kupitia maziwa inakuwa kubwa. Ndiyo maana tulirudi kupima wote wawili baada ya kujifungua. Kwangu hilo lilikuwa jibu la heshima kuliko kuambiwa ni imani potofu, tufunge mjadala.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, kama sheria inavyosema. Miezi sita ni siku 180 na ushee. Hapo katikati pana shimo, na wengi wanatumbukia humo hata kama walianza vizuri. Sheria ileile inamruhusu mama anayenyonyesha muda wa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, lakini muda huo hauna maana kama mtoto yuko Makorora na mimi niko darasani nje ya mji. Siku ambazo mume wangu hakuwa barabarani alimleta kwa bodaboda wakati wa mapumziko, nikamnyonyesha ofisini. Siku nyingine nilikamua alfajiri, nikayaacha kwenye kikombe chenye mfuniko ndani ya friji ya jirani, kwa sababu nje, kwa joto letu, hayakai zaidi ya muda wa saa nne. Mama mkwe au mume wangu walimpa kwa kikombe kidogo, akiyalamba taratibu. Chupa hatukununua. Akina baba wengine waliokuwa wakimwona anamnywesha mtoto kwa kikombe barazani walimwuliza maswali, naye akawajibu kama alivyofundishwa.

Zile siku 3 za baba zinanisumbua. Kenya baba anapata wiki mbili. Utafiti mmoja wa Marekani, katika jimbo la Georgia, uliochapishwa 2023, uliwauliza akina baba wenyewe, ukakuta kwamba waliopata angalau wiki mbili za likizo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 31, wa kusema mtoto bado ananyonya akiwa na wiki nane. Georgia si Tanga. Lakini hesabu ya mwili ni moja kila mahali: siku 3 zinaisha maziwa ndiyo kwanza yanajaa, michubuko ndiyo kwanza inaanza, na baba anapanda gari.

Mdogo wangu wa kiume naye ni dereva, njia ileile ya Tunduma, na mke wake anatarajia mwezi ujao. Ameomba likizo yake ya mwaka aiunganishe na zile siku 3. Tajiri wake amekubali nusu, akaahidi kumpa safari fupi za ndani mpaka mtoto afikishe arobaini. Mama yetu ameshafunga mizigo ya kwenda kumlea mzazi, na ndani yake najua kuna kijiko. Nimemwambia mdogo wangu aongee naye sasa hivi, kabla mtoto hajazaliwa, wakiwa wawili, bila mkewe kuwepo. Alhamisi anakwenda kliniki na mkewe. Nimemwomba asikae nje kwenye benchi.